Benchi la Mama Salvina

Lukresia alijifunza kupumzika ukubwani, na mwanzoni aliona aibu. Kule Kibosho alikozaliwa na kuolewa, mwanamke aliyeketi mchana bila kazi mkononi aliulizwa anaumwa wapi. Bustani ya watu wa mlimani ni kihamba, na kihamba ni migomba, kahawa, magimbi na majani ya ng'ombe. Hakuna anayeingia humo kutazama tu. Mjini Moshi, kumbe, manispaa ilikuwa na bustani nzima isiyozaa kitu, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wakienda kukaa ndani yake.

"Hata mparachichi mmoja?" alimuuliza mzee Efraimu, mtunza bustani, siku ya kwanza alipochungulia getini.

"Hata mmoja, mama. Hapa ni maua na kivuli. Karibu uketi."

Aliketi kwa dakika chache, kama mgeni asiyetaka kuchafua kiti cha watu. Kesho yake akarudi. Baada ya hapo ikawa desturi: kila jioni, akishafunika cherehani yake pale barazani karibu na soko, alikokuwa akipunguza suruali za mitumba ziwaenee Wachagga, alipitia bustanini kabla ya kwenda Njoro alikopanga chumba na binti yake, Salvina. Alikuwa na benchi lake la zege chini ya mjakaranda, mgongo kwenye ukuta wa bogenvilia, uso kwenye mlima. Mlima ukiamua kuvua mawingu yake, aliuona wote. Jumamosi maharusi walikuja kupiga picha, matarumbeta yakiwafuata juu ya pikapu, na Lukresia aliwapima mabibi harusi kwa macho ya fundi akajua gauni lipi limekodishwa na lipi limeazimwa kwa dada. Watoto walikula askrimu, nusu mdomoni nusu kifuani. Alivipenda vyote hivyo. Zaidi ya vyote alipenda kwamba humo ndani hakuna mtu aliyemuuliza bustani hii ni ya nani.

Maana swali hilo ndilo lililomtoa mlimani.

Marehemu mume wake, Jacob, alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi ya kwao kitinda mimba ndiye anayeachiwa boma la baba. Jacob alipofariki bila mtoto wa kiume, kaka yake Primus alisubiri watu wa matanga waondoke, akaja asubuhi moja na panga. "Kihamba hakivai kanga," alisema, na kwake yeye kesi ikawa imeishia hapo. Lukresia alitoka na binti yake, bunda la nguo, na chungu cha udongo alichopewa na mama yake siku alipoolewa. Pale mlangoni Primus alilipiga panga kwenye mwimo, ili tu kumharakisha, na chungu kikamponyoka Lukresia kikapasuka juu ya kizingiti. Alisimama akimtazama shemeji yake mdomo wazi, asiseme wala kulia.

"Nikikuona tena, mama Salvina," Primus akamwambia, "nitakukata kama mgomba."

Usidhani hilo ni tishio la mdomo tu. Lukresia alikuwa amekata migomba maisha yake yote; alijua panga linavyoingia bila ubishi, na mgomba unavyolala chini bila kelele. Tena ilikuwa miaka ile ya mageuzi, ambapo maduka yalijaa kila kitu na bei ya kahawa ikaanguka hadi watu wakaanza kuing'oa. Huko mlimani ndugu wa tumbo moja walikuwa wakifikishana mahakamani kwa hatua mbili za migomba, na wengine hawakuisubiri mahakama. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mjini Lukresia alitembea akigeukageuka. Mwaka wa pili shingo ikapumzika kidogo. Benchi lile ndilo lililoipumzisha.

Siku alipomwona tena Primus, Lukresia alikuwa anakula karanga. Alichokiona kwanza ni koti. Koti la kijivu liliingia getini, lina kiraka cha kahawia kwenye kiwiko cha kushoto, na kiraka kile alikishona yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa ajili ya Jacob. Kwa muda mfupi moyo wake ulidanganyika ukafurahi. Halafu akatazama uso uliokuwa juu ya koti, na karanga zikamwagika.

Primus alikuwa amekonda. Kwapani alibana kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti na kukazwa kwa kamba ya mgomba. Mkono wa pili ulishika kiroba. Fundi wa nguo hahitaji futi kujua urefu. Kile kitu kilikuwa na urefu wa panga.

Alikuwa anatazama mabenchi, moja moja, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake mnadani. Lukresia hakungoja afike kwenye la kwake. Nyuma yake ukuta wa bogenvilia ulikuwa na pengo ambalo mbwa walilitumia, na mama mzima wa miaka arobaini na ushei akapita pengo la mbwa, miiba ikichana kitenge, ndala moja ikibaki upande wa pili. Alikimbia hadi Njoro na mguu mmoja peku. Waswahili wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na yeye wake aliukimbiza, ingawa ulikuwa umechunika.

"Twende polisi," Salvina alisema usiku ule, akimpaka mama yake mafuta kwenye mikwaruzo.

"Tukawaambie nini? Kwamba shemeji yangu amebeba gazeti?"

"Tukawaambie alivyosema."

"Alisema miaka miwili iliyopita, mwanangu, na shahidi ni wewe na kizingiti."

Kesho yake hakwenda kazini wala bustanini. Keshokutwa pia. Chumba chao kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Lukresia aliketi kitandani akiutazama ukuta ule, na kila hatua iliyopita uani ilikuwa ya Primus. Muuza maziwa alipogonga mlango, alijificha nyuma ya pazia la nguo huku akijua kabisa kwamba ni muuza maziwa. Ndivyo hofu ilivyo: haikuulizi unajua nini. Siku ya tatu alijilazimisha kwenda barazani kwenye cherehani, kwa sababu suruali za watu hazishonwi na hofu, na mzee Efraimu akapita pale akiwa anatabasamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Umepotea! Mgeni wako anakutafuta kila jioni."

Sindano ilisimama. "Mgeni gani?"

"Shemeji yako wa Kibosho. Mtu mpole sana. Nimemwonyesha benchi lako, anakaa anakungoja. Hakai juu yake, lakini. Anachuchumaa pembeni. Na ndala yako anayo, nilimwambia aniachie akakataa, anasema atakupa mwenyewe mkononi."

Mzee Efraimu alisema hayo yote kwa wema, kama mtu anayekuletea habari za mjomba kutoka Ulaya. Lukresia alitamani kumkaba. Aligeuza suruali iliyokuwa mezani akajikuta ameishona miguu yote miwili pamoja.

Basi aliogopa mchana kutwa, na katikati ya kuogopa kikaja kitu kingine, kidogo na chenye hasira. Alikuwa na bustani yake, akafukuzwa. Aliiacha migomba aliyoipanda, na kaburi la mumewe katikati yake likizungukwa na mimea ya masale, akaja kukaa kwenye bustani isiyo yake, isiyozaa hata parachichi. Na hii nayo afukuzwe? Akitoka hapa atakwenda kukaa wapi, barabarani? Alijua kwamba akikimbia leo, hatakaa tena mahali popote duniani bila kutazama nyuma. Saa kumi ilipofika akafunika cherehani, akatia mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa kwenye pochi, akaenda.

Mvua ilikuwa inajikusanya. Mlima haukuonekana, na mawingu yalikuwa yameshuka hadi juu ya mabati. Wauza askrimu walishaondoka, akina mama walikuwa wanawaita watoto wao, na mzee Efraimu alikuwa anakusanya majembe yake kuyapeleka kwenye kibanda. Lukresia aliketi kwenye benchi lake. Mkono ulikuwa ndani ya pochi, umeshika mkasi, na mkasi ulikuwa umeloa jasho. Alianza Salamu Maria, akafika katikati akasahau kinachofuata, akaanza upya. Bustani ikabaki tupu.

Primus alitokea upande wa geti. Alitembea polepole juu ya nyasi, gazeti kwapani, kiroba mkononi, na Lukresia akazihesabu hatua zake. Hata kama angetaka kukimbia sasa, isingewezekana.

"Mama Salvina."

Lukresia aliukaza mkasi ndani ya pochi.

"Usisimame. Nakuomba usisimame."

Alikuwa amesimama mbali kidogo, pale kivuli cha mjakaranda kingeishia kama jua lingekuwepo, na hakuvuka. Akatoa ndala mfukoni mwa koti la Jacob, akaiweka chini, akaisukuma mbele kwa kijiti alichokiokota hapo.

"Sikuingia nayo ndani," alisema haraka haraka. "Niliitundika kwenye mti, nje. Sijaifanya chochote. Ni yako."

Kisha akapiga magoti na kuanza kufungua kamba ya mgomba iliyokaza gazeti. Lukresia alichomoa mkasi, na kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua akasema, "Primus, nitapiga kelele! Mzee Efraimu yupo, nitapiga kelele!"

Gazeti likaanguka. Ndani hamkuwa na panga.

Lilikuwa isale. Majani marefu ya kijani kwenye mche wake, na jani moja limepigwa fundo.

Mtoto yeyote wa mlimani anajua maana yake. Isale hupandwa mpakani na makaburini, lakini likifungwa fundo na kuletwa mkononi, ni msamaha unaombwa. Mtu akikuletea isale humkatalii, hata kama ameua. Wapadri wamehubiri, wachungaji wamehubiri, na bado hakuna Mchagga anayelitoa kwa mzaha wala anayethubutu kulikataa.

Lukresia alilitazama isale, kisha akamtazama aliyelishika. Macho ya Primus yalikuwa yamemtoka. Mdomo ulikuwa umemkauka, na alikuwa anautazama mkono wa Lukresia, ule wenye mkasi, kama vile yeye alivyolitazama gazeti. Ilimchukua muda kuelewa anachokiona, kwa sababu hakuwahi kudhani atakiona kwenye uso ule. Primus alikuwa anamwogopa.

"Kifungue," Primus alisema. "Kosa ni langu. Kifungue, mama Salvina, tunakwisha."

"Nifungue nini?"

Primus akakifungua kiroba, akakiinamisha. Vigae vya udongo vikamwagika kwenye nyasi, vyekundu, kimoja bado kina masizi ya jiko. Lukresia alikitambua kipande cha shingo chenye mstari alioukwaruza mama yake kwa ukucha udongo ukiwa mbichi.

"Mektrida aliviokota kwa vijiti," Primus alisema. Mektrida alikuwa mke wake. "Hatukuvitupa. Hatukuvigusa kwa mkono. Ulikipasua juu ya kizingiti, ukanitazama, hukusema neno. Ningejua ungefanya hivyo, nisingekuja na panga. Ng'ombe wawili wamekufa. Kahawa imedondosha yote. Sasa ni Justina, yule binti yangu mdogo. Mwezi mzima homa, hali chakula. Mama yake anasema hospitali ya nini, hiki ni chungu, chungu hakisikii sindano."

Hapo ndipo Lukresia alipoelewa. Kwao mlimani, mtu aliyedhulumiwa na asiye na nguvu huvunja chungu, na laana yake hula ukoo mzima, taratibu, mpaka aliyekivunja mwenyewe aiondoe. Wazee walikuwa wakisimulia hayo kwa kunong'ona. Na yeye, aliyetetemeka mlangoni mpaka chungu cha mama yake kikamtoka mikononi, alikuwa amekaa miaka miwili kwenye kichwa cha Primus kama mchawi aliyemwaga damu ya ukoo. Eti hata kahawa! Kana kwamba chungu kimoja cha Kibosho kingeweza kuangusha kahawa ya mlima mzima.

Alitaka kucheka, na kicheko kikagoma kutoka.

"Kiliniponyoka," alisema. "Nisikilize, Primus. Sikukivunja. Kiliniponyoka. Nilikuwa nakuogopa wewe na panga lako, mikono ikalowa, kikaniponyoka. Basi."

Primus aliinamisha kichwa mpaka kikagusa nyasi, akaanza kulia. "Umekataa," alisema. "Ruwa, Mungu wangu, amekataa. Nimeleta isale na amekataa."

"Sijakataa! Nakuambia ukweli!"

"Boma ni lako. Lichukue. Lako na Salvina. Nitasema mbele ya ukoo wote, Jumapili baada ya misa, mbele ya Paroko ukitaka. Kahawa yako, migomba yako, kaburi la mdogo wangu. Mwache tu mtoto."

Lukresia alifungua mdomo aape. Angeweza kuapa kwa Bikira Maria, kwa kaburi la Jacob, kwa chochote, kwamba hakuna laana na haijawahi kuwepo laana. Maneno yalifika kwenye ulimi. Lakini alikuwa anatazama kiwiko cha koti, kiraka chake mwenyewe, na akajiuliza mtu huyu atarudi mlimani akiwa na nini iwapo ataamini. Atarudi na panga lake na akili yake ya zamani. Na kule juu kuna mtoto anayechemka kwa homa kwa sababu mama yake anaamini ugonjwa umetoka kwenye kizingiti. Ukweli alishautoa, mzima na bila kificho, na ukweli haukumsaidia mtoto wala yeye.

Akarudisha mkasi kwenye pochi. Akasimama, na Primus akarudi nyuma kwa magoti.

"Lete isale," alisema.

Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopaswa. Likawa zito kuliko alivyofikiri, au mikono ndiyo iliyokuwa imechoka kwa hofu.

"Mtoto hahusiki," alisema. "Mtoto nimemwachia. Umesikia? Mwambie Mektrida kwa maneno hayo hayo. Lakini mtoto aliyeachiwa anapelekwa hospitali, leo hii, kabla hujavua hilo koti. Homa iliyobaki ni homa ya kawaida, na ya kawaida ina dawa. Akifia nyumbani hilo litakuwa lako, si la chungu."

"Leo hii," Primus alisema. "Nakwenda leo hii."

Lukresia alipiga magoti chini ya mjakaranda akaanza kufukua kwa mkasi. Mzee Efraimu alitoka kibandani mbio, mikono juu. "Mama, mama! Hapa ni mali ya manispaa, hapachimbwi ovyo!" Akafika, akaliona isale lenye fundo, akaviona vigae, akamwona mwanaume mzima aliyepiga magoti na uso uliolowa. Mzee Efraimu alikuwa mzee wa kanisa huko kwao Machame na alikwisha kukemea mambo ya kishenzi mara nyingi. Alivua kofia. Kisha akarudi kibandani akaleta jembe dogo.

Lukresia alivifukia vigae vyote isipokuwa kile chenye mstari wa ukucha wa mama yake, alichokitia kwenye pochi. Juu ya vile alivyovifukia akapanda isale. Mzee Efraimu akashindilia udongo kwa kisigino, kazi safi kama ya siku zote.

Primus aliinuka. Alikwenda hatua kadhaa kuelekea getini, akasimama, akageuka. Mvua ilikuwa imeanza matone yake makubwa ya mwanzo.

"Mama Salvina," aliita. "Na mimi je? Kwangu kimekwisha?"

Hapo palikuwa na neno moja la huruma, na Lukresia alilijua. Angelisema, na mtu yule angekwenda zake mwepesi. Aliwaza boma, na usiku wa kwanza atakaolala tena mle ndani na Salvina, mlango wa mbao umefungwa kwa komeo moja, na Primus akiwa jirani ng'ambo ya mfereji.

"Kimelala," alimjibu. "Usikiamshe."

Primus aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akaondoka karibu anakimbia, akilishika koti la Jacob kifuani. Mzee Efraimu alirudi kibandani kwake kujikinga. Lukresia alivaa ndala yake, akaketi kwenye benchi lake, na watu waliojibanza kwenye veranda za maduka ng'ambo ya barabara wakamshangaa mama anayekaa bustanini mvua ikinyesha. Kwamba chungu kilimponyoka alikwisha kulisema mara moja, na hakulisema tena kwa mtu yeyote, hata kwa Salvina.